Usikanyage Mkeka

3 Machi

Mdogo wangu Fyuzi,

Salamu kutoka kwa dada yako mwenye masikio meusi. Nimeoga mara mbili kabla ya kukaa kuandika, lakini ukiinusa karatasi hii utajua nimetoka wapi. Hapa kiwandani wameshaacha kuniita kwa jina langu, mimi ni Dada Masizi. Aliyelianzisha ni mlinzi wa getini, siku aliyonizuia kutoka kwa sababu mtu aliyemwona akiingia asubuhi alikuwa na rangi nyingine.

Pamoja na barua hii utapokea furushi zito lililofungwa kwa kamba. Usije ukadhani nimekutumia mawe. Ndani mna mkeka wa mpira, urefu wake kama mlango, nimeutengeneza kwa mikono yangu. Ni wa kusimamia kazini. Tangu uliponiandikia kwamba kwenye chumba cha umeme cha hicho kinu chenu cha unga unasimama juu ya kipande cha ubao ukibadilisha fyuzi kubwa, sijapata usingizi wa maana. Ubao hunyonya maji. Ubao hupasuka. Mimi nashinda na mpira kutwa nzima, halafu mdogo wangu wa tumbo moja asimame juu ya ubao? Watu wakisikia watanicheka.

Acha nikueleze ulichopewa, maana nakujua, utaona ni mpira tu. Mpira mbichi peke yake hauna maana. Ukiuvuta unakuja, ukiuanika juani unapasuka, ukiukanyaga siku chache umelika. Kinachoupa uti wa mgongo ni masizi. Sisemi masizi ya sufuria. Haya yanapikwa makusudi: mafuta yanachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, moshi wake unakusanywa, kisha unafanywa punje ndogo ndogo ili usipeperuke na kutumaliza vifua. Mimi nazimwaga punje hizo kati ya rola mbili zinazozunguka na mpira katikati, nazo zinamezwa humo taratibu. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiwa na papara yanabaki madonge, na mpira utapasukia pale pale penye donge. Ukiwa na subira unatoka laini, mweusi, mgumu kukatika. Na kadiri chembe za masizi zilivyo ndogo, ndivyo mpira unavyopata pengi pa kung'ang'ania, na ndivyo unavyokuwa na nguvu.

Huo wako umetoka kwenye masizi mapya tuliyoletewa kwa ajili ya oda ya hospitali. Mepesi ajabu, meusi mpaka yanatisha. Karatasi ya kwanza ya mpira ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa kwenye rola zangu. Kikabaki kipande, nikamwomba meneja, akanipa.

Mwambie wifi huo si wa nyumbani. Namjua. Kitu kizuri kikiingia humo ndani, miguu yake ndiyo ya kwanza kupata habari.

Dada yako,
Masizi


19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Furushi limefika salama, isipokuwa karani wa posta, ambaye aliliinua akashika kiuno na kuniuliza nimeagiza injini ya nini.

Mkeka uko kazini. Tangu ulipofika nimesimama juu yake kila siku. Nimeutandika mbele ya kabati kubwa la umeme, na wenzangu wakipita wanauangalia kwa kijicho. Fundi mkuu mwenyewe amevua viatu akaujaribu, akasema angekuwa na dada kama wangu angekuwa ameshastaafu. Juzi nilikuwa na mikono yote miwili ndani ya kabati na umeme haujazimwa, maana kinu kikisimama bosi naye anasimama, juu ya vichwa vyetu. Nikasikia raha kabisa miguuni. Nikajisemea, hata mkono ukiteleza, dada yupo hapa chini yangu.

Yale ya masizi nimeyasoma mara mbili. Sikujua moshi unapikwa.

Wifi yako anakusalimu sana. Hajaugusa.

Mdogo wako,
Fyuzi


2 Aprili

Fyuzi wangu,

Barua yako nimewasomea wenzangu wote wa zamu, na pale pa fundi mkuu kuvua viatu nimeparudia kwa ombi lao. Hujui ulivyonipa heshima. Watu wanaona tunatoka humu weusi kama masufuria, hawaoni tunachokiacha kwenye mpira.

Nimepewa likizo fupi mwisho wa mwezi, nakuja. Mwombe fundi mkuu aniruhusu niingie chumba cha umeme, nikuone kwa macho yangu umesimama juu ya mkeka wangu. Nikishaona hivyo nitarudi na kulala usingizi wangu wote wa zamani.

Tumepata mkemia mpya, mama wa makamo, mpole, anakuja chumba cha masizi na koti jeupe. Namhurumia anayemfulia. Ameleta vyombo vyake vya kupimia na anataka kupima kila karatasi inayotoka kwangu. Nimemwambia apime mpaka achoke.

Dada yako,
Masizi


TELEGRAMU. 16 Aprili

MKEKA USIKANYAGWE HATA KIDOGO. UONDOE LEO. SUBIRI BARUA. DADA


16 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini telegramu imekufikia na umeshautoa. Kama hukuipata na sasa ndiyo unasoma haya ukiwa kazini, shuka. Shuka kwanza, utasoma baadaye ukiwa nje.

Mkeka niliokupa unapitisha umeme.

Leo mkemia ameleta kipimo chake chenye sindano. Amekata kipande cha karatasi za hospitali, akaweka ncha mbili za waya juu yake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni najichekea, nikijua sindano haitainuka, mpira ni mpira. Ikainuka, Fyuzi. Ikaenda mpaka upande wa pili. Nikamwambia kipimo chako kibovu. Akaniangalia, akasema, "Kibovu kwa nini? Hivi ndivyo inavyotakiwa." Akaendelea kuandika wala hakuona kwamba nimeshika ukuta.

Kumbe chumba cha upasuaji kinatandikwa mpira unaopitisha umeme makusudi, ili watu wakitembea wasijikusanyie cheche miilini. Cheche moja ikikutana na dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi, chumba kinaweza kuwaka. Mimi nilidhani wanataka laini ili iwe rahisi kudeki.

Nimemwomba anieleze taratibu, kama mtu asiyejua kitu, na hivyo ndivyo nilivyo kweli. Anasema chembe moja ya masizi haikai peke yake. Zinatoka kwenye tanuri zimeshaungana, vichala vichala. Ukubwa wa chembe ni jambo moja, umbo la kichala ni jambo jingine, na mimi miaka yote nimekuwa nikiangalia lile la kwanza tu. Masizi yetu ya soli za viatu vichala vyake ni vifupi, mpira unavizunguka na kuvitenga kiasi. Haya mapya vichala vyake ni virefu, vina matawi. Ukiyatia ndani ya mpira matawi yanagusana, hiki kinakishika kile na kile kinakishika kingine, tangu upande huu mpaka huu. Umeme unapita humo kama habari za mtaani. Akaniambia hata mpira mwingine mweusi si wa kuuamini mbele ya umeme mpaka upimwe. Mikeka ya mafundi inatengenezwa bila masizi yetu, kwa udongo mweupe na vitu vingine.

Mimi niliona weusi nikaona nguvu. Masizi kwangu ni nguvu, basi. Nikachukua kile chenye nguvu kuliko vyote nikakuwekea chini ya miguu, na wewe ukaniandikia umeingiza mikono yote miwili. Tangu saa ile sioni kingine ila mikono yako.

Meneja amenipa simu yake ya mezani, nimepiga huko kinuni, inaita tu haipokewi. Nimekwenda posta na nguo za kazi. Tafadhali andika mstari mmoja. Andika "nipo". Usiandike kingine.

Dada yako


17 Aprili

Wifi,

Telegramu yako imefika. Mume wangu hayupo, nimesaini mimi na nimeisoma mimi, mbele ya tarishi na mbele ya jirani aliyekuwa anasubiri nimalize gauni lake. "Usikanyagwe hata kidogo." Tarishi akaniangalia miguuni.

Sijui nani amekupelekea umbea, lakini kwa kuwa umeshajua, acha nikupe mwenyewe yote. Ndiyo, mkeka ninao mimi. Uko chini ya cherehani yangu tangu siku ulipofika, na haujawahi kutoka nje ya mlango huu. Sakafu yetu ni saruji tupu na mimi nakanyaga pedali kutwa. Yeye aliufungua, mimi nikasimama juu yake tuone unavyokaa, na ndiyo ikawa hivyo, sikushuka tena. Akasema si kitu, atakueleza. Alichokueleza sijui, ila nikiangalia maneno ya telegramu yako naona hakunipamba.

Kimeumana Jumatatu. Alikuwa amepata barua yako ya kwamba unakuja, akaanza kuzunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Asubuhi akaanza kuukunja mkeka aupeleke kazini, eti usije ukamkuta bado anasimama juu ya ubao wake. Nikakaa juu yake. Wifi, sikudanganyi, nilikaa chini kabisa, na gauni la mtu mkononi, nikamwambia akiuchukua atauchukua na mimi. Tukaambiana maneno ambayo sitayaandika. Akaondoka na ubao wake bila kuaga. Kesho yake akaomba mwenyewe apelekwe kutengeneza pampu za kinu kingine, na mpaka leo hajarudi. Mzima yuko, ametuma mtu kuja kuchukua shati.

Kwa hiyo mkeka umeshanigombanisha na mume, na sasa umenigombanisha na wifi. Kama unautaka njoo uuchukue mwenyewe. Lakini ujue utanikuta nimeukalia.

Wifi yako, kama bado unanihesabu


22 Aprili

Wifi yangu, wifi yangu,

Barua yako nimepewa getini. Niliifungua nikiwa nimesimama, nikafika pale penye "haujawahi kutoka nje ya mlango huu", nikakaa chini kwenye vumbi. Nikairudia. Kisha nikalia kwa sauti mpaka mlinzi akatoka kibandani kwake kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Hakuna aliyekufa. Nikawa nalisema neno hilo hilo, naye akaenda kuniletea maji.

Hukunielewa na kosa ni langu, niliandika telegramu kama mwehu. Sikuwa najua chochote kuhusu cherehani. Iko barua niliyomwandikia mumeo siku ile ile, bila shaka imeshafika. Ifungue, nakuruhusu mimi. Utaona kwamba ule mkeka unapitisha umeme na kwamba ni mimi niliyeutengeneza na kumwambia asimame juu yake. Yeye akanijibu kwamba anasimama kila siku, na mikono ndani ya kabati. Alitaka kunifurahisha. Tangu nilipojua, nimekuwa nikitembea na maiti yake kichwani.

Nawe Jumatatu ukaukalia.

Nataka nikuambie jambo, na nitafunga bahasha bila kulisoma tena ili nisije nikalifuta. Tangu uolewe na ndugu yangu nimekuwa nikikuita mchoyo. Nimewaambia shangazi zetu, nimewaambia watu wa zamu, hata barua ya kwanza ya mkeka niliiandika nikikusema. Ni kweli wewe ni mchoyo, wifi. Umemnyima mume wako mkeka na kwa sababu hiyo ninaye mdogo wangu. Tafadhali endelea. Usibadilike hata kidogo.

Mkeka ubaki hapo hapo. Chini ya cherehani ya miguu hauna neno, utakutunza miaka. Ila siku mkifunga mota ya umeme, au ukitaka kugusa chochote chenye waya, utoe kwanza. Hapa kiwandani nimewaambia meneja na mkemia yote, sikuficha. Sasa masalio yote ya mpira wa masizi yale yanakatwa vipande kabla hayajatoka chumbani, nami ndiye mkataji. Mkemia hakunisema. Aliniambia tu kwamba yeye mwenyewe hajui kuzungusha rola, na kwamba tufundishane.

Fyuzi akirudi mwambie uongo wake tutauzungumza. Leo nimefurahi mno, sina nafasi ya kukasirika.

Wifi yako, na nakuhesabu wa kwanza,
Masizi


28 Aprili

Dada,

Nipo.

Uliniambia niandike hilo tu, lakini karatasi ni kubwa, na wifi yako amesimama nyuma yangu anahakikisha sitii chumvi.

Barua yako kwake imefika jana. Ameisoma peke yake chumbani, akatoka na macho mekundu, akaificha nisipopajua. Kila nikimuuliza umesema nini ananiambia umesema aendelee. Aendelee na nini, hataki kusema. Tangu jana anajibu kila kitu kwa neno hilo na anacheka mwenyewe kwenye cherehani.

Uongo wangu sina la kuutetea. Fundi mkuu hakuvua viatu. Hata hajui kama nina dada. Ulikuwa umefurahi mno kwenye ile barua ya kwanza, nikaona nikisema mkeka umeishia miguuni kwa mke wangu nitakuvunja moyo, nikaanza kupamba, na unanijua nikianza. Ningependa pia kukuambia kwamba mimi ni fundi umeme, ningeupima kwanza kabla ya kuukanyaga. Nimekaa nalo siku hizi zote na najua si kweli. Nisingeupima. Ni mpira, na umetoka kwako.

Sasa hili la Jumatatu, ambalo hata yeye alikuwa halijui. Nilifika kazini nimevimba kwa hasira, nikafungua kabati umeme haujazimwa nikaanza kazi huku bado nagombana naye kichwani. Mkono ukagusa shaba pale usipopaswa kugusa. Ubao ulikuwa mkavu, nikasikia kama mtu amenipiga kibao cha kiganja, basi. Nilikaa nje juu ya gunia mpaka miguu ikarudi kuwa yangu. Ndiyo maana niliomba kwenda kwenye pampu. Yeye alidhani nimesusa, nami nilikuwa naogopa tu lile kabati, na naona aibu kurudi nyumbani kusema.

Nimerudi Jumamosi. Barua yako ya tarehe kumi na sita nimeikuta juu ya cherehani, haijafunguliwa. Alikuwa na hakika umeandika kumtukana. Nikaifungua, nikaanza kuisoma kwa sauti ili aone si matusi, nikafika pale pa "unapitisha umeme", nikaishusha karatasi. Akaichukua akamalizia mwenyewe, amesimama pale pale juu ya mkeka, miguu mitupu. Ndipo nikamweleza habari ya mkono na shaba.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, juu ya mkeka, kama alivyokaa ile Jumatatu. Nami nikakaa pembeni yake kwenye saruji. Kisha akaniuliza, polepole, bila kuniangalia, "Na kama ningekupa?"

Nikamwambia, hukunipa.

Akauliza tena, na tena nikamjibu hivyo hivyo. Tumekaa pale mpaka jirani akaja kuulizia gauni lake.

Mdogo wako,
Fyuzi